Ndoa ya mitala na viza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Maswali haya hunifikia ofisini hapa Arusha, na kwa simu kutoka Moshi, Himo, Monduli na Longido. Wengi wanaouliza ni wake. Waume huja baadaye, aghalabu barua ya ubalozi ikiwa imeshatoka. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa, nikaondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Huu si ushauri wa kesi yako wewe. Kwa hiyo mwone wakili na makaratasi yako mkononi. Na kwa kuwa masharti ya viza hubadilika hata kwa tangazo moja la rais wa nchi ya watu, hakikisha mlango uko wazi kabla hujalipa ada ya mtu yeyote.

Mitala Tanzania ni halali kisheria, au tunaishi kwa mazoea tu?

Ni halali, na imeandikwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 10, inatambua ndoa za aina mbili: ya mke mmoja, na ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa ya aina hii ya pili mpaka ithibitike vinginevyo. Zilizobaki, za kanisani na za bomani, huchukuliwa kuwa za mke mmoja.

Kwa hiyo mwanamume wa Kimeru aliyeoa mke mmoja kimila, na wala hana mpango wa kuongeza, sheria inamwona yuko kwenye ndoa iliyo wazi kwa mke wa pili. Huku nyumbani jambo hilo halimsumbui mtu. Linaanza kusumbua pale fomu ya viza inapouliza.

Tulifunga kanisani Moshi. Mume anasema akisilimu anaweza kuongeza mke. Ni kweli?

Si kweli kwa namna anavyolisema. Kifungu cha 11 kinaruhusu kubadili ndoa ya mke mmoja iwe inayoweza kuwa ya wake wengi, lakini kwa tamko la maandishi la mume na mke, kila mmoja kwa hiari yake, mbele ya jaji au hakimu wa wilaya au mkazi. Kwa Wakristo wawili waliofunga kanisani mlango huo umefungwa kabisa maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Mmoja akitoka katika Ukristo, kizuizi hicho kinaondoka, lakini sahihi yako bado inahitajika. Kusilimu peke yake hakubadili ndoa.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Mtu ana ndoa ya kanisani Kibosho, ana mwanamke mwingine Njiro, amemtolea mahari, ndugu wamekula na kunywa, anamwita mke wangu wa pili. Kisheria hana mke wa pili. Kifungu cha 15 kinasema mwanamume aliye kwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine, na ile ya pili ni batili hata kama ilisimamiwa na ukoo mzima. Yule wa Njiro ndiye anayeumia siku ya msiba, si yeye.

Mke wa kwanza anaweza kuzuia?

Anaweza kuweka pingamizi kwa msajili. Nia ya kufunga ndoa hutangazwa siku 21 kabla, na kifungu cha 20 kinampa mke aliyepo haki ya kupinga kwa sababu maalumu: kwamba kipato cha mume hakitoshi, na kuongeza mke kutamtesa yeye na watoto, au kwamba huyo anayeolewa ana tabia mbaya inayojulikana, ana ugonjwa wa kuambukiza, au ataleta ugomvi mkubwa nyumbani. "Sitaki" peke yake haimo kwenye orodha hiyo. Mimi naiona kasoro, na si mimi peke yangu, lakini ndivyo sheria ilivyo. Ukiwa na pingamizi, peleka hesabu: ada za shule, kodi, mkopo wa pikipiki. Machozi peke yake hayatatosha.

Bi mkubwa anasema yeye ndiye mke wa serikali, mimi ni wa nyumbani.

Mwonyeshe kifungu cha 57. Wake wa mume mmoja wana haki sawa, wajibu sawa na hadhi sawa mbele ya sheria. Cheo cha bi mkubwa ni cha heshima, na heshima hiyo mpe. Lakini ukishavuka mpaka usawa huo unakwisha.

Shikamoo mama wakili. Mume wangu amepata makaratasi ya Marekani. Mimi ni mke wa pili, nina cheti halali cha BAKWATA. Nitakwenda naye?

Marahaba mwanangu. Kama mke, hapana.

Marekani haipingi kwamba ndoa yako ni halali Tanzania. Inasema tu kwamba haitaitambua kwa ajili ya uhamiaji. Kwa kawaida ndoa iliyo halali ilikofungwa huwa halali pia kwa viza, ila mitala imetengwa, na Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya huko imeshikilia msimamo huo tangu uamuzi wake wa 1962. Anayehesabiwa ni mke wa kwanza, yule ambaye ndoa yake ilitangulia na bado ipo. Wa pili, wa tatu na wa nne, kwa macho ya ofisi ile, hawajaolewa.

Juu ya hapo kuna katazo la mume mwenyewe: mhamiaji anayekwenda Marekani ili akaishi kwenye mitala haruhusiwi kuingia. Ni katazo la zamani. Liliingia kwenye sheria mwaka 1891, na mwaka 1907 likapanuliwa hadi likawagusa hata waliokiri kwamba wanaiamini tu mitala. Marekebisho ya 1990 yaliyapunguza maneno, na sasa kinachozuiwa ni kwenda kuishi hivyo. Mtu kuamini kwamba dini yake inaruhusu wake wanne hakumfungii mlango. Katazo hilo linawahusu wanaokwenda kuhamia. Wa viza ya matembezi haliwagusi, ingawa nao wana mitihani yao.

Swali lenyewe limo kwenye fomu ya kuombea viza ya kuhamia, DS-260, wazi kabisa: unakwenda kuishi kwenye mitala? Ndiyo au hapana. Nimeona watu wakicheka wakilisoma, wakadhani ni la kutimiza wajibu tu. Jibu lake hukaa kwenye faili kwa miaka mingi, na mtu akija kuomba uraia hufunguliwa tena.

Bi mkubwa akifariki au akiachwa, ndoa yangu inapanda kuwa ya kwanza?

Haipandi. Kwa kuwa kwao ndoa yako haikuwepo tangu mwanzo, kuondoka kwake hakuifufui. Inatakiwa ndoa iliyofungwa baada ya ile ya kwanza kwisha.

Na watoto wangu je? Nao hawatambuliwi?

Hapa pana nafuu. Kwa Marekani mtoto ni mtoto wa baba yake hata kama ndoa ya mama haitambuliwi. Baba anaweza kumwombea akithibitisha kwamba ni wake na kwamba uhusiano wao ni wa kweli, yaani anamlea, anamtumia matumizi, wanawasiliana. Mara nyingi huishia kwenye kipimo cha DNA. Tunza risiti za ada, za M-Pesa na za bima, na cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kiwe na jina la baba tangu mwanzo, si lililoongezwa mwezi mmoja kabla ya mahojiano.

Uamuzi unaobaki ni mzito kuliko fomu: mtoto aende na baba na mama mwingine, wewe ubaki. Sina kifungu cha hilo.

Kwenye bahati nasibu ya Green Card nimwandike mke yupi?

Wa kwanza, hata kama hasafiri. Na watoto wote walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, wa kila mama, hata wale usiokaa nao, hata wale ambao hutaki wake zako wajue habari zao. Kumwacha mke au mtoto nje ya orodha kunaweza kuiua viza yako na ya familia nzima, hata ukiwa umeshinda.

Makosa huanzia kibandani. Mtu anakwenda stendi kwa kijana anayejaza fomu kwa elfu kadhaa, anaulizwa "una mke?", anajibu "ndiyo", kijana anaandika jina la kwanza analotajiwa. Kama jina hilo ni la bi mdogo kwa sababu ndiye aliyekuwa naye siku hiyo, uongo umeingia kwenye faili bila mtu kukusudia, na kuufafanua baadaye ni kazi. Jaza mwenyewe, au kaa ubavuni pa anayejaza usome kila mstari.

Mimi ni mwongoza watalii. Nina mke nyumbani wa kimila, hatuna cheti. Nimepata mchumba Mmarekani, tunataka kufunga bomani. Kuna tatizo?

Lipo, na hili ndilo swali la mji huu. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu yake.

Tuchukue mtu wa Marangu anayepandisha wageni njia ya Machame. Nyumbani ana mke, mahari ilikwenda, mtoto mmoja ameshaanza shule. Mgeni wa Colorado amependa mlima na mpandishaji, akarudi mara mbili, sasa wako mbele ya msajili. Fomu ya bomani ina sehemu ya hali ya ndoa. Kijana anaandika "hajaoa", maana kichwani mwake ndoa ni cheti.

Sheria haifikiri hivyo. Ndoa ya kimila haiharibiki kwa kukosa usajili. Wahusika wanatakiwa waiandikishe ndani ya siku 30, lakini wasipofanya hivyo bado wameoana. Kwa hiyo kijana ana mke, na ndoa yake ni ya aina inayoweza kuwa ya wake wengi. Kifungu cha 15 kinamkataza kufunga ndoa nyingine ya mtindo wa mke mmoja akiwa bado ndani ya hiyo. Cheti alichopewa bomani, chenye muhuri na picha nzuri za ngazini, ni cha ndoa batili kwa sheria ya Tanzania yenyewe. Hatujafika Marekani bado.

Tukifika huko, mke Mmarekani atajaza I-130 kumwombea mumewe. Fomu inauliza ndoa zilizotangulia na zilivyokwisha. Wakitaja ile ya Marangu, ombi linakataliwa kwa kuwa ndoa ya pili haitambuliwi. Wasipoitaja, wamedanganya, na kudanganya kwenye jambo la msingi ili kupata viza kunaweza kumfungia mtu milele asiingie Marekani. Msamaha upo, lakini una masharti magumu. Wengine hudhani watakwepa kwa viza ya mchumba. Hiyo nayo inataka wote wawili wawe huru kuoana.

Mwingereza akiwa ndiye mchumba, hali si nzuri zaidi. Sheria ya Uingereza ya 1973 kuhusu mashauri ya ndoa inasema mtu mwenye makazi yake ya kudumu kisheria huko hawezi kufunga nje ya nchi ndoa ambayo tayari ina mke mwingine. Kwa Mmasai wa Longido mwenye wake wawili bomani kwake, yule dada wa Manchester aliyevishwa shanga na kubarikiwa na wazee ni mgeni mpendwa wa boma. Mke wa sheria ya kwao siye.

Njia safi ni mbili tu. Ama unabaki na mke uliye naye, ama unamaliza ndoa hiyo mahakamani kwanza, kwa ukweli na kwa haki zake zote, ndipo unafunga nyingine. Ninachokataa kufanya ni kuandika kiapo kwamba mtu hajawahi kuoa, wakati mahari imehesabiwa mbele ya wazee. Nimeombwa mara nyingi. Na katika maombi hayo yote, ni nadra mtu kuniambia mke wa nyumbani ameulizwa chochote.

Lakini sisi tulishaachana kimila. Wazazi wake walirudisha mahari.

Mahari iliyorudi haivunji ndoa kisheria. Ndoa Tanzania huvunjwa na mahakama. Kwa kawaida mnaanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, likishindwa linatoa hati, mnakwenda nayo mahakamani, hata Mahakama ya Mwanzo inatosha. Kwa Waislamu talaka iliyotolewa ina uzito wake, lakini bado inatakiwa kupita barazani na kupata amri ya mahakama. Afisa wa viza anataka amri hiyo. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba "hawa hawaishi pamoja" ni karatasi nzuri kwa mambo mengine.

Tukiachana kwa karatasi tu, halafu maisha yaendelee kama zamani?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mume, mke akiwa amekaa pembeni anatazama sakafu.

Talaka ya mahakama ni talaka. Hakuna ya maigizo. Ukishaachwa umeachwa: mrithi si wewe tena, matunzo ya mke yanategemea amri ya mahakama, na nyumba imeshagawanywa au imeachwa bila kugawanywa, jambo ambalo ni baya zaidi. Akikaa huko miaka mitano asirudi, utamshtaki kwa lipi? Upande wa viza, mume anayeachana kwa karatasi huku akiendelea kuishi na kuzaa na "mtalaka" anajenga kesi ya udanganyifu kwa mikono yake. Mke ukiambiwa usaini hapa tu, ni utaratibu, usisaini siku hiyo.

Nina Green Card tayari. Desemba nikirudi Rombo nataka kuoa mke wa pili kimila. Watajuaje?

Watakuuliza. Fomu ya uraia, N-400, inataka kujua kama umewahi kuwa na ndoa na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Sheria yao inasema aliyeishi kwenye mitala ndani ya kipindi kinachopimwa, miaka mitano kwa kawaida, mitatu kwa aliyepitia mwenza raia, hana mwenendo mwema unaohitajika kwa uraia. Ukijibu ndiyo, umekwama. Ukijibu hapana na ukapewa uraia, unaweza kunyang'anywa hata baada ya miaka mingi. Na harusi za Desemba Uchagani siku hizi zina mpiga video.

Uingereza, Ulaya na Kanada ni hivyohivyo?

Matokeo yanafanana, njia hazifanani.

Marekani hutazama nani aliolewa kwanza. Uingereza hutazama nani alifika kwanza: Sheria ya Uhamiaji ya 1988 inamkatalia mke kuingia kama mke mwingine wa mume huyohuyo ameshaingia au ameshapewa ruhusa kama mke. Bi mdogo aliyetangulia London anaweza kumfungia bi mkubwa mlango. Umoja wa Ulaya una mwongozo wa 2003 wa kuunganisha familia unaokwenda njia hiyo: kama mke mmoja anaishi na mume huko, wa pili haruhusiwi. Ufaransa ilikuwa imeshabana tangu sheria ya 1993. Tena huku watoto wa mke aliyekataliwa wanaweza kukataliwa nao, tofauti na Marekani.

Kanada ni kali zaidi kwa maneno. Mitala ni kosa, kifungu cha 293 cha sheria yao ya jinai, kifungo hadi miaka mitano, na tangu 2015 mgeni anaweza kukataliwa au kuondolewa kwa kuishi hivyo ndani ya nchi yao. Mwenye mke mmoja wa kimila au wa Kiislamu anayetaka kwenda huko, namshauri apitie kifungu chetu cha 11 kabla ya kuomba: yeye na mkewe watie sahihi tamko la kuibadili ndoa iwe ya mke mmoja. Hilo linawezekana akiwa na mke mmoja tu.

Nasikia huko Marekani kuna watu wanapigania mitala ihalalishwe. Wamefika wapi?

Wapo, na wengi wao asili yao ni Wamormoni wa Utah, si Waislamu wala Waafrika. Hadithi yao ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Bunge la Marekani lilipiga marufuku mitala kwenye maeneo yake mwaka 1862. George Reynolds, Mmormoni, alijitetea kwamba dini yake inamwamuru. Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia mwaka 1879, ikasema mtu ana uhuru wa kuamini lakini si wa kutenda kila anachoamini. Sheria za 1882 na 1887 zikawanyima kura, zikataifisha mali za kanisa. Mwaka 1890 kiongozi wao, Wilford Woodruff, akatangaza kuiacha mitala, na mwaka 1896 Utah ikakubaliwa kuwa jimbo, katiba yake ikiikataza daima. Waliokataa kuiacha walijitenga, na vizazi vyao ndio wanaoendesha kampeni leo.

Ushindi wao wa karibu ni mdogo lakini si wa kubeza. Familia ya Kody Brown, iliyojulikana kwa televisheni, ilifungua kesi, na mwaka 2013 Jaji Clark Waddoups akaiondoa sehemu ya sheria ya Utah iliyofanya hata kuishi pamoja kuwa kosa. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi huo bila kugusa hoja yenyewe, kwa kuwa serikali ilishaahidi kutowashtaki. Halafu mwaka 2020 bunge la Utah likapunguza uzito: kwa watu wazima waliokubaliana, kosa lililokuwa na kifungo cha hadi miaka mitano likawa dogo kama la barabarani. Hoja iliyowashinda wapinzani ilikuwa ya ulinzi: mke anayepigwa haendi polisi kama kwenda polisi ni kukiri jinai. Hiyo hoja mimi naikubali, hata kwa sababu zetu wenyewe. Mwaka huohuo mji wa Somerville, Massachusetts, ukaanza kuandikisha wenza zaidi ya wawili katika daftari la mji.

Kanada walijaribu mahakamani wakashindwa. Jaji Mkuu Robert Bauman wa British Columbia aliamua 2011 kwamba marufuku inabaki, akisema madhara kwa wanawake na watoto yanazidi kuminywa kwa uhuru wa dini. Winston Blackmore na James Oler wa Bountiful walitiwa hatiani 2017, wakapewa kifungo cha nyumbani.

Basi wakishinda, mke wangu wa pili atapata viza?

Usisubiri hilo. Utah haikuhalalisha ndoa ya pili. Ilipunguza adhabu tu. Na hata jimbo likiihalalisha kabisa kesho, viza hutolewa kwa sheria ya serikali kuu ya nchi, na katazo la mitala limeandikwa humo kwa jina lake. Ni bunge la Washington peke yake linaloweza kulifuta. Akitokea mtu mjini anakusanya michango ya "kampeni ya viza za wake wa pili", shika mfuko wako.

Mahakama ya Afrika iko hapahapa Arusha. Hatuwezi kushtaki?

Kuishtaki Marekani pale haiwezekani, si mwanachama. Kuishtaki Tanzania, zamani raia aliweza kwenda moja kwa moja, kwa tamko la serikali lililomruhusu. Serikali ilijitoa kwenye tamko hilo Novemba 2019, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Mkazi wa hapa anapita nje ya mahakama hiyo na daladala, lakini kesi mpya yake haipokelewi.

Isitoshe, usidhani ingekuwa upande wako. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake ambao Tanzania iliuridhia 2007, inasema ndoa ya mke mmoja ndiyo inayohimizwa, huku haki za wanawake walio kwenye mitala zikilindwa. Wapo hapa nchini wanaotaka mitala ifutwe, na wapo wanaotaka ibaki kama ilivyo. Mimi ningeanza na sahihi ya mke aliyepo iwe lazima kabla ya ndoa ya pili.

Na mwanamke kuwa na waume wawili?

Kifungu cha 15, hapana. Afrika Kusini waliliweka kwenye waraka wa kujadiliwa mwaka 2021, zikazuka kelele mpaka huku tukazisikia.

Mume ameshaondoka na mwenzangu. Mimi nimebaki Tengeru na watoto na nyumba. Nidai nini nikiwa hapa?

Ubalozi ulikukatalia viza, haukukuvunjia ndoa. Hapa wewe ni mke kamili. Mume ana wajibu wa kukutunza wewe na watoto, na unaweza kuomba amri ya matunzo Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe hata yeye akiwa ng'ambo, hasa kama ana shamba, nyumba ya kupangisha au gari la utalii linaloingiza hela hapa.

Kuhusu nyumba mnayoishi, kifungu cha 59 kinamkataza kuiuza, kuiweka rehani au kuipangisha bila ridhaa yako ndoa ikiwa hai. Usingoje dalali aje na wateja. Nenda ofisi ya ardhi ukaweke zuio kwenye hati, na kama eneo halina hati, andika barua kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, wagonge muhuri nakala yako. Kama ndoa yenu ya kimila haijaandikishwa, siku 30 zimepita zamani, lakini nenda kwa msajili wa wilaya na mashahidi wa mahari wakiwa bado hai na wanakumbuka ng'ombe walikuwa wangapi. Cheti cha BAKWATA, toa nakala tatu. Asili yake usimtumie mume kwa DHL hata akikuambia anaihitaji kesho.